Saa Isiyojua Uko Wapi

Mimi Kataliko ninauza na kutengeneza saa hapa Birere, mjini Goma, huu ni mwaka wa ishirini na mbili, na mteja ninamjua kwa mkono wake kabla hajafungua mdomo. Anayetaka saa ya harusi hunyosha mkono mbele yake na kuupenda. Mwalimu huuliza kwanza kama saa inavumilia chaki. Mfanyabiashara wa kwetu Butembo huipindua saa atazame mgongo wake, kwa sababu sisi Wanande tumezaliwa na mashaka. Lakini siku Uwamariya alipoingia dukani, mwezi wa pili wa mwaka 2024, niliutazama mkono wake nikashindwa. Ulikuwa mwembamba, na kiganja kilikuwa na sugu za kubeba bidoni za maji. Nikadhani amekuja kuuliza njia.

"Papa, niko natafuta saa ya kukimbia nayo," akasema.

"Saa zote zinakimbia, mutoto wangu. Zenye hazikimbie ndizo bananiletea nitengeneze."

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa akanieleza shida yake moja kwa moja, kama mtu aliyeisema mara nyingi peke yake njiani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Yeye na wazazi wake walitoka Kibumba mwisho wa mwaka 2022 vita ilipofika kwao, na tangu siku hizo walikuwa Munigi, katika kibanda cha maturubai ya plastiki juu ya mawe ya volkano. Shule aliiacha akiwa mwaka wa tano wa sekondari. Sasa kulikuwa na kocha mmoja, Adalbert, mwenye klabu ya wasichana wanaokimbia mbio ndefu. Klabu ina nyumba kule Himbi, nyumba ina vitanda vinne, na msichana anayelala pale analipiwa shule mpaka apate diploma yake ya sekondari. Vitanda vitatu vilikuwa na wenyewe. Cha nne kilikuwa kinamngoja yule atakayekimbia kilometa kumi chini ya dakika arobaini na tatu.

Uwamariya alikuwa amejaribu mara mbili, na mara zote mbili alishindwa kwa namna ileile. Nusu ya kwanza aliimaliza kwa dakika kumi na tisa na nusu, mbele ya wote. Kwenye kilometa ya saba alikuwa amekaa kando ya barabara akitapika. Kocha alimpa nafasi moja ya mwisho, baada ya wiki tatu.

"Anasemaka ninaanza kama mutu wanafukuza," akaniambia. "Ni kweli. Akipiga filimbi, niko nasikia bunduki nyuma. Miguu inaenda yenyewe. Nataka saa yenye itanishika, Papa."

Nitasema ukweli, maana uongo nimeshausema wa kutosha katika kazi hii. Sikumwonea huruma mara moja. Niliwaza kwanza saa yangu ya satelaiti. Ilikuwa imekaa kwenye boksi lake miezi minane, kubwa, nyeusi, ya mzungu mmoja wa shirika la misaada aliyeondoka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiyo nilikuwa nimeitembeza mpaka viatu vikaisha. Kwa bahati siku hiyo ilikuwa imeishiwa moto wa betri. Kwa hiyo nilimpa kwanza bangili ya kupima hatua na mapigo ya moyo, nikamwambia ajaribu siku chache, bei tutaongea.

Aliirudisha baada ya siku sita, akaiweka juu ya meza taratibu.

"Papa, hii kitu inanipongeza juu ya maji."

Sikuelewa. Akanieleza. Alfajiri anateremka kupanga foleni kwenye robine, bomba la maji, anapanda na bidoni, anarudi tena, mara nne. Wakati wa safari ya tatu bangili ilitetemeka mkononi mwake ikaandika bravo, na nyota tatu. Jioni ilimwambia amefanya mazoezi mazuri sana leo, na siku hiyo hakuwa amekimbia hata mita moja. Mama mmoja kwenye foleni aliiona ile bravo akauliza kama bangili inaweza pia kubeba.

"Na mapigo ya moyo?" nikauliza. "Makocha wakubwa wanafuata mapigo ya moyo."

"Siku moja nimelala, bombe zikaanguka upande ya Sake. Ikaandika cent trente-huit." Mapigo mia moja thelathini na nane, mtu yuko chini ya blanketi. "Inaniambia niko na woga, Papa. Ile najua tayari. Sitalipa mutu aniambie."

Basi nikaitoa ya satelaiti. Nilikuwa nimeijaza moto usiku kucha na kuipangusa kwa pamba. Nikamweleza yote kwa fahari: inajua umekimbia mita ngapi bila kupimiwa, inajua mwendo wako, na ukimaliza inakuchorea njia yako yote kwenye kioo, kila kona. Uwamariya aliishika kwa mikono miwili. Nilimwona anaipenda, nami nikafurahi, na furaha yangu ilikuwa ya muuzaji.

Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nina macho ya kuona meno ya gurudumu dogo kuliko chembe ya ufuta. Nilifikiria kioo chake, kamba yake, maji, vumbi, umeme wa kuchajia. Sikufikiria vita, na vita ilikuwa imekaa mlangoni kwangu mwaka mzima.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, baba yake alikuja dukani mbio. Anaitwa Havugimana. Alikuwa dereva wa chukudu, pikipiki yetu ya mbao isiyo na injini, na miaka ishirini alikuwa akiteremsha kabichi na viazi vya Kibumba mpaka sokoni Goma. Barabara ilipofungwa alibaki na chukudu bila kabichi, akawa anabebea watu maji.

"Muzee, mutoto bamemufunga kwa barrière," akasema. "Juu ya saa yako."

Tulikwenda kwa pikipiki ya kukodi, watu wawili nyuma ya dereva, na tumbo langu halikuwasaidia. Kwenye kizuizi pale juu ya Munigi tulimkuta Uwamariya amekaa chini juu ya mawe, viatu amevuliwa, na vijana sita wenye bunduki wamemzunguka. Mkubwa wao alikuwa na saa yangu mkononi. Akanionyesha kioo. Mtoto alikuwa amekimbia raundi tatu kuzunguka kilima, mahali pa tambarare pasipo watu wengi, na satelaiti ilikuwa imechora kilima chote vizuri, na juu ya kilima kile ndipo palipokuwa na mizinga yao.

"Huyu anachora position zetu," akasema. "Anamtumia nani?"

Niliona kwamba kwa uroho wangu wa kuuza boksi moja mtoto wa mtu anaweza kupotea siku hiyohiyo, na baba yake amesimama hapa ananiangalia. Nikasema saa ni yangu, kosa ni langu, saa inamchora yeyote anayeivaa, hata mbuzi. Mkubwa akasema nithibitishe.

Hivyo ndivyo mimi Kataliko, mtu wa miaka hamsini na mitatu, mkristo wa parokia, nilivyovaa saa ile na kukimbia huku na huku kwenye uwanja wa kizuizi, suruali nikiishikilia kwa mkono mmoja, mbele ya foleni nzima ya magari. Nilipoacha kukimbia niliwarudishia saa. Kijana mmoja akakitazama kioo akaanza kucheka, akawapa wenzake. Nilikuwa nimechora kitu kama utumbo wa mbuzi. Walicheka mpaka mkubwa wao naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotutoa pale. Uwamariya alirudishiwa viatu. Saa ilibaki kwao, na mimi sikuiuliza.

Njiani nilimwomba radhi. Nikamwambia aachane na mambo haya, ziko njia nyingine za kutafuta shule. Nikajua nimesema upuuzi, maana ningeulizwa njia nyingine ni ipi nisingeitaja hata moja.

Kesho yake alikuwa dukani kabla sijamaliza kufungua.

"Papa, unipatie yenye haijue fasi niko," akasema, yaani mahali alipo.

Safari hii sikupendekeza kitu. Nilimwachia achague mwenyewe, nikakaa nyuma ya meza na kunyamaza, jambo ambalo mke wangu hajaliona bado. Alipita rafu ya juu bila kusimama. Chini kabisa, pamoja na kamba na betri, kulikuwa na saa ya plastiki niliyokuwa ninawauzia wanafunzi. Haina ramani, haina moyo, haina bravo. Ina chrono ya kupimia muda, na kitufe kimoja kikubwa upande wa kulia: ukikibonyeza kila unapomaliza kilometa, inaandika dakika za kilometa hiyo na kuzitunza, mpaka thelathini.

Aliijaribu kwa namna ambayo sijapata kuona mteja akijaribu. Alilowesha kidole gumba kwa mate akabonyeza, kuona kama kitateleza. Alifumba macho akabonyeza. Alikimbia palepale aliposimama, katikati ya duka, mkono ukipanda na kushuka, akasoma tarakimu bila kusimamisha mkono. Aliuliza betri inakaa muda gani, nikamwambia miaka miwili, akauliza kama ninaapa, nikaapa. Kisha akaifunga mkononi tundu la mwisho kabisa. Bei tulielewana, na hiyo si habari yenu.

Ilibaki shida moja. Saa hii haijui umbali, na kocha alikuwa ameweka alama mbili tu kwenye njia ya majaribio: mwanzo, kwenye njia panda ya kushukia Kituku, na mahali pa kugeuzia, kilometa tano mbele kuelekea Lac Vert. Katikati hakuna kitu. Utajuaje kilometa ya kwanza imeisha?

Havugimana ndiye aliyelijibu swali hilo. Alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mbele la chukudu yake, akapima mzunguko mmoja kwa kamba ya fundi cherehani: mita moja na sentimita ishirini na nane. Mizunguko mia saba themanini ni kilometa. Jumapili baada ya misa tulitoka watatu. Yeye aliisukuma chukudu taratibu kando ya barabara ya Sake, akihesabu kwa Kinyarwanda kila kitambaa kikipita juu, na kila mia moja alihamisha harage moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Mimi nilihesabu pia, kwa Kiswahili, ili kumsahihisha, nikapotea kwenye mia tatu. Kila kilometa Uwamariya alipaka chokaa juu ya jiwe. Watu waliofurika kandokando ya barabara ile, waliokimbia Masisi na Sake, walituuliza kama sisi ni shirika na kama tunaandikisha majina.

Tulipofika kwenye alama ya kocha ya kugeuzia, hesabu ya chukudu ilitofautiana nayo kwa hatua kumi na tano. Nilimwambia Havugimana pengine kocha amepima vizuri zaidi, ana pikipiki yenye mita. Akanitazama kwa upole.

"Hii gurudumu nilichonga mwenyewe, muzee. Ile ya pikipiki alichonga nani?"

Wiki iliyobaki Uwamariya alishuka kutoka Munigi kila asubuhi kwenda kukimbia pale, jiwe hadi jiwe. Amri aliyojipa ilikuwa moja: kila kilometa dakika nne na sekunde kumi na saba hivi, isipungue sana, isizidi sana. Aliniambia kilometa ya kwanza ilikuwa inamuumiza kuliko ya mwisho, kwa sababu mwili wote ulitaka kuondoka na yeye anaushikilia. Haraka haraka haina baraka, nikamwambia. Akasema watu waliotunga hiyo hawakuwa wa Kibumba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilifunga duka, kitu ambacho sijakifanya hata kwa mazishi ya jirani. Wasichana walikuwa watatu wa kugombea kitanda kimoja: Uwamariya, Charline mwenye miguu mirefu, na Kahambu, Mnande mwenzangu wa Beni. Kocha Adalbert aliweka mstari wa chokaa barabarani, akapiga filimbi, akaanzisha chrono yake. Charline na Kahambu wakatoka kwa nguvu. Uwamariya alibaki nyuma yao hatua tano, kumi, ishirini, macho kwenye mkono, na nilimwona ameuma meno. Havugimana aliweka chukudu yake kando ya mstari akasimama karibu nayo.

Dakika ya ishirini na tano hivi, bombe lilianguka. Lilikuwa upande wa Lac Vert, karibu kuliko siku nyingine zote, mpaka mabati ya vibanda vya Kituku yakalia. Halafu la pili. Baada ya muda mfupi barabara ilianza kuleta watu: kwanza pikipiki, kisha watu wa miguu na magodoro kichwani, watoto migongoni, mbuzi. Kahambu alipita amekaa nyuma ya pikipiki ya mtu, anapunga mikono kwamba tukimbie. Charline alishushwa baadaye na pikipiki nyingine, ameshika ubavu, analia. Alisema bombe lilipolia alichomoka kwa nguvu zake zote, akampita kila mtu, na zikamwishia.

"Na mutoto wangu?" Havugimana akauliza.

"Alikuwa nyuma yangu. Sijue."

Kocha Adalbert alikuwa ameshapanda pikipiki yake. "Batoto wangu iko nyumbani," akasema, na uso wake ulikuwa wa jivu. Akampakia Charline akaondoka, na chrono shingoni mwake.

Mimi pia nilitaka kuondoka. Ninaliandika hili kwa aibu. Nilimshika Havugimana mkono nikamwambia twende, atatukuta mbele. Hakuusukuma mkono wangu, wala hakuhama. Watu walitupita pande zote mbili wakitukanyaga miguu, na mzee yule alisimama kwenye mstari wa chokaa kana kwamba barabara nzima ilikuwa imemwomba asimame. Kwa hiyo nikasimama.

Alitokea katikati ya magodoro. Hakuwa anachomoka wala hakuwa anajivuta. Alikuwa anakuja, anawakwepa watu kulia na kushoto, machozi yanamtiririka usoni na mwendo hauhami. Kwenye mita mia za mwisho ndipo alipouachia mwili. Alipita mstari akabonyeza kitufe.

Dakika arobaini na mbili na sekunde arobaini na moja.

"Kocha iko wapi?" akauliza. Nikamwambia ameenda kwa watoto wake. Aliangalia pale kocha alipokuwa amesimama, akakaa chini barabarani akalia kwa sauti, kilio cha hasira. "Hakuniona. Kama hakuniona haihesabiwe."

Mchana bombe zilipotulia tulimfuata Adalbert kule Himbi. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya klabu, watoto wake wawili wamemng'ang'ania miguuni. Alitusikiliza bila kuinua macho.

"Sikuona," akasema. "Hapa kila mutu ataniambia alifika. Nitajua je?"

Uwamariya akavua saa akampa.

Adalbert akabonyeza, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Ya kwanza, nne na kumi na saba. Ya pili, nne na kumi na sita. Nne na kumi na tano. Nne na kumi na nane. Nne na kumi na nne. Nne na kumi na sita. Alipofika hapo akaacha kusoma, akahesabu kwa vidole.

"Unaweza kukaa chini ya muti na kubonyeza hivi," akasema, lakini alisema kama mtu anayetimiza wajibu.

"Mutu ya kudanganya angeandika tatu," Havugimana akajibu. "Huyu aliandika nne yote."

Kocha akamgeukia msichana. "Hii ya sita. Si ndiyo bombe ilianguka?"

"Ilianguka nikiwa karibu kuimaliza."

"Na ya saba ni nne na kumi na saba." Aliangalia tena kioo, kama tarakimu zingebadilika. "Uliisikia. Kila mutu alichomoka, hata miye nilitoka, na nilikuwa mbali. Juu ya nini weye haukuongeza?"

"Nilitaka, Kocha. Nililia juu ya kutaka," Uwamariya akasema. "Lakini nilikuwa nimebakisha kilometre ine."

Mtoto mdogo wa Adalbert alimvuta suruali, hakumsikia. Kisha akamrudishia saa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu, akasema kitanda ni kile cha juu, karibu na mlango, na Jumatatu atampeleka yeye mwenyewe kwa préfet, mkuu wa shule.

Uwamariya akaifunga saa mkononi tundu la mwisho, akauliza Jumatatu masomo yanaanza saa ngapi.